Kipima Hewa cha Kupigwa Makofi

Juma lililopita, kwenye kibanda cha fundi redio hapa Kharumwa, mchimbaji mmoja aliweka mezani kipima hewa, kile kidude kinachotakiwa kulia hewa ya duarani, ndani ya shimo la mgodi, ikiwa mbaya.

“Kilikuwa kikizima tunakipiga kofi, kinawaka,” alisema. “Juzi hakikulia. Mdogo wangu tumemzika jana.”

Fundi alimpa pole, akakifungua, akamwonyesha kwa lenzi ufa mwembamba kama unywele kwenye lehemu iliyoshika waya.

“Lehemu ya zamani ilikuwa na madini ya risasi, ilikuwa laini. Viwandani wameyatoa kwa sababu ni sumu. Hii ya sasa ni ngumu, ukiitikisa sana inapasuka. Kila kofi liliongeza ufa.”

Mchimbaji akatazama kiganja chake.

Fundi akang'ata waya wa lehemu ya zamani, akachomelea, moshi ukimpanda puani. Sumu iliyotolewa kiwandani ili isituue, huku kwetu tunaishika kwa meno ili tupone.

Kidude kikalia. Mchimbaji alinyoosha mkono, akaurudisha.

“Nitilie wewe kwenye mfuko,” alimwambia fundi. “Wenzangu wanashuka kesho.”