Ndege Niliyoipima kwa Uzi

Keti hapa karibu nikuambie, maana aibu hii nimeibeba tangu Agosti na ukicheka kidogo itanipungukia uzito.

Mimi hufundisha jiografia katika sekondari moja ya Karatina, na jirani yangu Mama Wambui alikuwa akimngoja bintiye arudi kutoka Vancouver, kule Kanada, baada ya miaka minane. Wambui alikuwa amesema tu kwamba ataondoka Alhamisi saa tisa alasiri na tusihangaike, atachukua teksi, lakini ni nani kwetu humwacha mtoto wa ng'ambo achukue teksi? Tukakodi basi kimyakimya, na kwa kuwa kumuuliza saa ya kufika kungefichua siri, nikasema (hapo ndipo nilipojichimbia shimo) niachieni mimi, nitapiga hesabu.

Nikanyoosha uzi kwenye tufe la darasani, Vancouver hadi Nairobi, nikapata kilomita elfu kumi na nne na ushee, nikagawanya kwa mwendo wa ndege, nikapata saa kumi na sita, nikatangaza kwamba Wambui atatua Ijumaa saa moja asubuhi.

Saa moja tulikuwa uwanjani na mukimo wa viazi na mahindi, chai na mashada ya maua. Dada mmoja aliyevaa barakoa akatokea, kina mama wakampigia vigelegele na kumvika shada, naye akaeleza kwa upole kwamba anaitwa Achieng' na anaelekea Kisumu. (Shada alienda nalo.) Saa nne ikapita, Wambui hakuna.

"Mwalimu, hesabu yako hukosanga?" akauliza Baba Muriuki, mjomba wa Wambui, niliyekuwa nikimshawishi aniachie hesabu za maziwa anayouza.

"Haikosi," nikajibu kwa fahari.

"Basi hiyo ndege iko wapi?"

Mama Wambui akaketi sakafuni, shuka limemteleza begani. "Mwalimu, niambie ukweli. Ndege ya mtoto wangu imeanguka?"

Wimbo wa kukaribisha ukageuka maombi, wageni tusiowajua wakaanza kutupa pole, na mimi nikarudia kugawanya, jibu likawa lile lile.

Ndipo simu ya Mama Wambui ikalia.

"Mami, niko Amsterdam, nangojea ndege ya pili. Nitafika usiku. Uko shamba?"

"Niko Nairobi," akasema, akilia na kucheka pamoja, "tumekuja na basi zima."

Unaona, umbali niliupata sawasawa, ila saa tisa alasiri ya Vancouver kwetu ni saa saba usiku, tena ndege haziendi moja kwa moja, hushuka njiani abiria akangoja nyingine. Walinicheka hadi giza likaingia, na nilikubali kila kicheko.

"Maziwa yangu," Baba Muriuki akasema, "nitaendelea kupima mwenyewe."

Wambui alipotoka, mamake alimshika uso kwa mikono miwili.

Kwa hivyo ukiwa na mgeni anayekuja kwa ndege, mwambie akutumie picha ya tiketi. Saa ya kutua imeandikwa humo, tayari kwa saa za hapa kwetu. Nenda uwanjani saa hiyo.