Ni Hayo Tu

Kwetu Tlawi, ukipiga simu nyumbani ukaenda moja kwa moja kwenye shida yako, watakujibu, lakini ukishakata wataulizana ulilelewa na nani. Kwanza shikamoo. Halafu habari za nyumbani, na jibu la kwanza ni nzuri, hata kama paa limeezuliwa na upepo. Nzuri tu, ila. Hapo kwenye ila ndipo habari zenyewe zinapoanza, na hazitoki zote kwa mkupuo. Mama yangu huanza na ng'ombe, kisha shamba, kisha majirani, na jambo zito kuliko yote huliacha mwisho, tena huliita dogo. "Baba yako mdogo ameanguka kidogo," aliwahi kuniambia, na baba mdogo alikuwa amevunjika nyonga.

Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba jibu la kwanza si jibu. Unauliza, "Na nyingine?" Unaendelea hivyo mpaka mama aseme, "Ni hayo tu." Maneno hayo aliyazoea kwenye jumuiya ya kanisani, alikosoma matangazo kwa miaka mingi, na akiyasema alikuwa amemaliza kweli. Mengine tuliongea Kiiraqw, tukachanganya tulivyotaka, lakini kufunga alifunga kwa Kiswahili.

Sikujua kwamba mazoea hayo yangekuja kunilisha. Nimepanga chumba Katesh, ambako mtandao haukatikikatiki kama kwetu milimani, na ninatunza kompyuta za kampuni moja iliyoko mjini. Kompyuta zenyewe sijawahi kuziona. Tunasema ziko kwenye wingu, maana yake ziko kwenye majengo ya watu wengine huko mbali. Programu zake hazikosi matundu, na waliozitengeneza hutoa viraka vya kuyaziba kabla wezi hawajapita. Kazi yangu ni kujua kompyuta ipi imekosa kiraka kipi. Nilipomweleza mama alicheka mpaka akakohoa.

"Nimekusomesha uache kuvaa viraka," akasema, "kumbe umeenda kuvishona."

Ili kuvijua, unaandika programu ndogo ya kuiuliza huduma ya wingu: viraka gani vimekosekana? Huduma haikupi vyote. Inakupa ukurasa mmoja, na chini yake inakuwekea tokeni, herufi na namba nyingi zilizofuatana, kama tokeni ya umeme ila ndefu zaidi. Ukitaka ukurasa unaofuata, unairudisha ile tokeni na kuuliza tena. Orodha ikiisha, tokeni haiji. Aliyenitangulia aliuliza mara moja, akapata ukurasa mmoja, akaridhika, na kampuni nzima ikaamini kwamba viraka vilivyokosekana ni vile tu. Mimi niliona ukurasa umejaa mpaka mstari wa mwisho, nikajiuliza, ni nani anayemaliza habari zake kwa kuulizwa mara moja? Nikaiandika programu upya, iendelee kuuliza mpaka tokeni isije tena. Wenzangu wa mjini walinisifu, na nilivimba kichwa kidogo.

Kuna jambo moja linalowaangusha wengi. Wakati mwingine ukurasa unakuja mtupu, hauna hata kiraka kimoja, lakini chini tokeni ipo. Mtu akiona utupu anadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Huduma imetafuta mahali pamoja ikakosa, na inasubiri uiulize tena. Nililiandika hilo ndani ya programu kwa maneno makali, kumwonya atakayekuja baada yangu: usidanganywe na utupu, tazama tokeni.

Wiki hiyohiyo nilimpigia mama. Lilikuwa limetangazwa tundu baya, wakubwa wangu wanataka kila kompyuta izibwe upesi, na mimi nilikuwa nakula nimesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za Katesh?"

"Nzuri, ila kazi ya viraka imenibana wiki hii. Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu. Ila yule ng'ombe mweusi amezaa dume."

"Na nyingine?"

"Maharage yamepigwa na baridi. Na ukuta wa jirani umeanguka, ule wa upande wa choo."

"Na wewe mwenyewe, mama?"

Akanyamaza. Nilisikia kuku wakilia nyuma yake, kwa hiyo simu haikuwa imekatika.

"Mimi mzima," akasema. "Ni hayo tu."

Nikamwamini, nikarudi kwenye viraka.

Siku chache baadaye akapiga wifi yangu, mke wa kaka, anayekaa na mama. Naye alianza na nzuri tu. Nikamvumilia mpaka alipofika: mama jicho lake la kulia halioni. Lilianza kumuuma kabla hata sijapiga ile simu, likawa jekundu, kichwa kikamgonga mpaka akatapika. Mama akasema ni vumbi la maharage. Akawa anachovya khanga kwenye maji ya moto na kulikandia jicho, akingoja lipoe lenyewe.

Nilimfokea wifi wa watu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mama alinikataza," akasema. "Alisema usisumbuliwe, una viraka."

Nilipanda gari kwenda Tlawi, tukampeleka hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa wa presha ya jicho, na kwamba angeletwa maumivu yalipoanza, huenda jicho lingeokolewa. Sasa kuna dawa ya matone. Inalinda kilichobaki, hairudishi kilichokwenda. Hilo nililielewa haraka kuliko alivyotegemea, maana viraka vyangu ni hivyohivyo. Kiraka huziba tundu, lakini mwizi aliyekwisha kupita hakurudishii kitu.

Nilimkasirikia mama, sifichi. Nilikaa kando ya kitanda chake na hasira imenijaa.

"Mama, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema ungekuja," akanijibu taratibu. "Na ungekuja, hiyo kazi angeifanya nani?"

Ile huduma ya wingu hainipendi hata kidogo, na ndiyo maana hainifichi kitu. Ikiwa na tokeni, inaitoa. Mama alikuwa nayo mkononi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaniambia ni hayo tu, kwa sababu ananipenda. Ninajutia kuupuuza ule ukimya wake kwenye simu kuliko ninavyojutia maneno yote tuliyowahi kurushiana tukigombana. Nilikuwa nimetoka kuandika kwa mikono yangu namna ya kuusoma.

Kabla hatujaondoka, daktari aliniita pembeni. Jicho la kushoto nalo limeanza, taratibu. Matone yatauchelewesha ugonjwa, kwa muda gani hawezi kusema. Alidhani nitamweleza mama mwenyewe, kwa lugha yetu, tukitulia.

Mama amerudi Tlawi. Wifi anasema anakaa mlangoni anachambua maharage kwa jicho lililobaki, na mawe hayampiti mengi. Ameshawaambia wajukuu wakusanye nguo zao za shule zilizochanika, atazishona akipata nafuu. Jana nilimpigia. Siku hizi nauliza mpaka anachoka, na akinyamaza namsubiri. Aliniambia habari za ndama, za mvua, za goti lake, mpaka za jino lililolegea. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, habari za kazi?"

"Nzuri tu, mama."

"Ila?"

"Hakuna ila. Nzuri tu."

"Yule daktari, ulipobaki naye, alisema nini?"

"Alisema uweke dawa asubuhi na jioni, usiruke hata siku moja."

"Na nyingine?"

Nje ya dirisha langu mtu alikuwa anapasua kuni. Bila shaka mama alimsikia, akajua kwamba simu haijakatika.

"Ni hayo tu, mama."

"Haya," akasema, kisha akauliza kama huku Katesh mvua imenyesha.