Kodi ya Chumba na Siku ya Msiba

Ninyi vijana mnaotoka Kyela kwenda kutafuta maisha, nisikilizeni kabla hamjalipa kodi. Nawaona na simu zenu: chumba cha Mbeya bei hii, cha Tunduma bei ile, cha Tukuyu kimeshuka. Kulinganisha si kosa. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini kulinganisha nilijua sana, na ndiko kulikoniponza.

Nakumbuka mwaka tulioondoka kijijini kwetu Busale kwenda kuuza mchele mjini, mimi, mume wangu Ambakisye na mtoto wetu Tumpe. Kodi tuliipima kwa madebe ya mchele, maana ndiyo fedha tuliyoijua. Tunduma chumba kilikula madebe manne kwa mwezi. Mpakani kila kitu ghali. Tukuyu mawili. Mbeya tukapata cha debe moja na nusu.

Ambakisye alikitaka cha Tukuyu. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane, alitutembeza mpaka nyuma. "Na uwanja huu ni wenu pia. Ndugu zenu wakija, hata wote, watakaa."

Nikacheka. "Mama, sisi tunapanga chumba, hatupangi uwanja."

"Haya, binti. Uwanja hauna kazi mpaka siku unapokuwa na kazi."

Kwa ajili ya nusu debe, mwanangu, tukaenda Mbeya.

Chumba kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Saruji chini, geti la chuma. Mwaka wa pili mama mkwe wangu akaugua, tukamleta kwetu awe karibu na hospitali kubwa. Nilimwuguza miezi miwili. Akafia mikononi mwangu, asubuhi, juu ya kitanda chetu. Habari ikafika Busale, na mnajua sisi tukifiwa haji mtu mmoja. Kesho yake walikuja na lori zima, kina mama na ndizi zao na mchele, wanalia tangu barabarani.

Mwenye nyumba akasimama getini. "Mama Tumpe, nilipangisha watu watatu. Hawa arobaini ni wa nani?"

"Ni wa marehemu, baba."

"Basi marehemu awapokee. Mimi nilipangisha chumba, sikupangisha msiba."

Akafunga. Ndani tukabaki sisi na maiti. Nje, kando ya mtaro, wenzetu wakakaa chini kwenye baridi ya mwezi wa saba, watu wa joto la Kyela, na khanga moja moja. Niliwasikia wakilia nyuma ya ukuta, na uji sikuweza kuwapa. Mchana akafungua geti ili tumtoe mama. Tukampakia kwenye lori lilelile, tukarudi naye Busale.

Makaburini wifi yangu mkubwa aliniambia neno moja tu: "Umemfanya mama yetu aliliwe mtaroni, kama mtu asiyezaa." Amekufa hajaingia tena nyumbani kwangu. Ambakisye hakunilaumu. Lakini tangu siku ile hakuniomba tena ushauri, mpaka naye nikamzika.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Mimi nilidhani wanasema habari za sufuria.

Sasa, mwanangu, bei linganisha. Ila kabla ya kutoa kodi muulize mwenye nyumba: nikiugua, nani ataruhusiwa kuniuguza? Nikijifungua, mama yangu atalala wapi? Nikifiwa, ndugu zangu watakaa wapi? Akikasirika, umeshajibiwa, sema ndaga, asante, uondoke. Ongeza hiyo nusu debe kwingine. Na kama huna, najua wengi hamna, basi wajue majirani mapema, kabla hujawahitaji.

Mungu awape paa lisilovuja na mlango unaofunguka siku mbaya.

Mimi leo nina vyumba vitatu vya wapangaji hapa Ndandalo, Kyela. Wanangu wanaovisimamia nimewaambia, na nitawaambia tena: mpangaji akifiwa, fungueni geti lote, bandikeni uji, na asiwepo wa kuuliza wageni wataondoka lini.