Kigoda Kilichokaliwa na Wawili

Chama chetu cha upinzani kilikuwa na kipaza sauti kimoja cha mkononi, na kwa kuwa tulikuwa tumegawanyika, kipaza sauti kilikaa Kashai kwa watu wa mjini na betri zake zilikaa Muleba kwa watu wa ziwani. Mume wangu, kiongozi wa chama kwa Bukoba na Muleba, ndiye aliyezibeba betri mfukoni kuzipeleka mjini kila palipokuwa na mkutano, na jioni akazirudisha. Nilimwambia mara nyingi kwamba hicho si chama, ni ndoa ya watu waliochokana. Alicheka. Aliamini kwamba mradi betri zinarudi, chama kipo.

Alikufa kwa malaria iliyompanda kichwani. Nalisema hili mapema kwa sababu wakati ule hakuna aliyeniamini. Ilikuwa miaka ambayo kwetu Kagera mtu wa makamo hakuruhusiwa kufa kwa kitu kingine. Tulitoka kwenye vita tukadhani tumemaliza, kumbe kuna ugonjwa unatusubiri, ule ambao kila mtu aliujua na msibani hakuna aliyeutaja. Watu walinishika mkono kunipa pole huku wakinikagua mashavu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mnene wa kutosha, na nadhani unene wangu uliwaudhi baadhi yao.

Watoto wangu walikuwa wanne, wote wa kike. Msomaji wa kwetu ameshaelewa; wa mbali nimweleze. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati, ni mali ya ukoo, na ukoo ni wanaume. Siku ya kuanua matanga, mkuu wa ukoo hutoa kigoda cha marehemu, humvisha mrithi kanzu ya marehemu, humpa mkuki, kisha humkalisha. Akishakaa, basi. Nyumba ni yake na migomba ni yake. Mjane naye huulizwa kwa upole kama atabaki au atarudi kwao, wakati masanduku yake yameshatolewa nje.

Mrithi aliyeandaliwa alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, balozi wa nyumba kumi wa chama tawala. Kabla udongo wa kaburi haujakauka nilimwona akipita katikati ya migomba, akibonyeza mikungu mmoja mmoja.

"Shemeji," aliniuliza, "kwenu Buhembe bado wapo?"

Walikuwapo. Kaka yangu alikuwa na nyumba ndogo iliyojaa watoto wake na wa ndugu zetu waliokufa. Mimi na wanangu wanne tungelala wapi, labda juu ya kabati. Sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa shemeji yangu asikae kwenye kile kigoda, na sikuwa na njia yoyote ya kumzuia.

Kigoda chenyewe kilikuwa cha babu yao. Kilikuwa na miguu mitatu, mmoja umeliwa na mchwa, na mume wangu peke yake ndiye aliyejua kukikalia: polepole, akiegemea kushoto. Wakati wa vita, alipokuwa akifundisha karibu na mpaka, alikimbia mabomu na kigoda hicho kichwani akaviacha vyeti vyake vya ualimu. Nilimgombeza mwaka mzima.

Sasa chama nacho kilitaka kiongozi mpya, na kilitaka kumchagua nyumbani kwangu, kwenye matanga. Mtu asishangae. Watu wa mjini walikuwa wameapa kutokanyaga mkutano utakaoitishwa na watu wa ziwani, na watu wa ziwani wameapa vivyo hivyo. Lakini msiba hakuna aliyethubutu kuususia. Tena mkutano wa upinzani ulitaka kibali cha polisi, na msiba haukutaka kibali. Isitoshe, tulikuwa tunazika mno. Mikutano mingi ya chama iliahirishwa kwa sababu ya misiba, mpaka mume wangu akazoea kufanyia vikao vyake huko huko makaburini, sauti ya chini, kofia mkononi.

Wagombea walikuwa wawili. Wa mjini alikuwa mnunuzi wa kahawa wa Kashai, mtu wa koti na tai hata jua likiwaka. Wa ziwani alikuwa mfanyabiashara wa samaki, Mhaya wa Muleba aliyekaa visiwani miaka mingi na wavuvi wa kila kabila, sauti kubwa, na harufu ya sangara iliyomtangulia mlangoni. Wote wawili walimlilia mume wangu kwa machozi ya kweli. Kisha wakaenda nyuma ya jiko kugombana.

Asubuhi ya kuanua matanga walikubaliana kwamba kura zipigwe kwa mistari: kila mgombea asimame mahali, wanaomtaka wajipange nyuma yake. Mwenye samaki akawahi kusimama karibu na majiko. Mnunuzi wa kahawa akaona uwazi upande wa pili, akasimama pale, bila kujua kwamba nyuma yake kulikuwa na njia ya chooni.

Wanachama wakajipanga. Halafu waombolezaji waliolala nje kwa baridi, walipoona mstari umeelekea kwenye masufuria ya ndizi na maharage, wakaungana nao na sahani zao. Wachimba kaburi walikuwamo, katekista alikuwamo, hata makada wawili wa chama tawala walikuwamo, na wote wakahesabiwa kuwa ni wafuasi wa mwenye samaki. Upande wa mnunuzi wa kahawa nao haukuwa nyuma. Msiba una lubisi, pombe yetu ya ndizi, na kila aliyekunywa usiku kucha alimuunga mkono kwa haraka zote. Mstari wake ulikuwa unayumba, na kila mara mtu mmoja alichomoka mbele akakimbia.

"Huyu ni wako au anakwenda chooni?" mwenye samaki alipiga kelele.

"Na huyo wako mbona ana kijiko?"

Mimi nilikuwa ndani, nimekaa chini kwenye nyasi pamoja na wanawake, nimejifunga kitambaa cha msiba kichwani, na nilicheka. Nilificha uso, mabega yakatikisika, na shangazi wa marehemu akaniwekea mkono mgongoni akasema, "Lia, waitu, mpenzi wetu, lia yaishe." Nikalia kweli. Vilikuja vyote pamoja.

Hesabu ikavurugika, wakaanza kusukumana, na hapo ndipo mkuu wa ukoo alipotoka chumba cha ndani na kigoda. Alikuwa mzee mkali, asiyejali chama chochote. Alikiweka juu ya nyasi mpya mbele ya mlango, akasimamisha mkuki kando yake, akamwita shemeji yangu aje avishwe kanzu. Shemeji akainamisha kichwa. Kanzu ilikuwa nyembamba shingoni, ikakwama, na kwa muda akasimama pale mikono juu, haoni kitu.

Wale wagombea wawili walikuwa Wahaya kabla ya kuwa wanasiasa. Walichelewa kidogo kufikiri, kisha wote wakafikiri jambo lile lile: kura zinaweza kubishaniwa hadi kiama, lakini anayekalia kigoda cha marehemu mbele ya ukoo amechukua nafasi yake, na hakuna wa kumwinua. Wakakurupuka. Nilichokiona mimi kutoka chini ni miguu tu: viatu vya ngozi upande huu, mabuti ya mpira upande ule. Halafu vumbi la nyasi, kishindo, na kundi zima la wanachama likawaangukia juu.

Walipoinuliwa, kigoda kilikuwa kimelala ubavu.

"Nimekaa!" alisema mnunuzi wa kahawa, tai imehamia mgongoni.

"Nimekaa mimi!" alisema mwenye samaki. "Yeye amekaa juu yangu!"

Watu wa mjini wote waliapa kwamba wamemwona wa mjini. Watu wa ziwani waliapa kwa Bikira Maria kwamba aliyekaa ni wa ziwani. Shemeji yangu, kichwa kikiwa bado ndani ya kanzu, aliuliza kuna nini.

Mkuu wa ukoo alikiokota kigoda, akakishika kifuani, akatoa hukumu yake. Kigoda kimekaliwa na mtu asiye wa ukoo. Hakikaliki tena mpaka kitakaswe. Aliyekaa aje na mbuzi na mtungi wa lubisi, akiri mbele ya ukoo kwamba ndiye yeye, ndipo ndugu wa marehemu akalishwe. Mpaka siku hiyo, mjane na watoto wakae walipo, maana nyumba isiyo na mrithi haifukuzi mtu.

Wiki iliyofuata mnunuzi wa kahawa alikuja na mbuzi. Nyuma yake, akihema, akaja mwenye samaki na mbuzi. Kwa hesabu zao, atakayepokelewa mbuzi ndiye aliyekaa, na aliyekaa ndiye kiongozi. Mkuu wa ukoo akasema kosa ni moja, hawezi kulitakasa mara mbili, wakakubaliane kwanza. Wakarudi na mbuzi wao. Mwezi uliofuata wakaja tena. Mbuzi wale walizoea njia ya kwangu kiasi kwamba mmoja alikuja siku moja peke yake.

Basi ikawa kwamba mtu pekee katika Bukoba na Muleba yote aliyehangaikia umoja wa upinzani kwa moyo wake wote alikuwa shemeji yangu, balozi wa chama tawala. Alipanda magari kwenda Kashai, akapanda mitumbwi kwenda visiwani. Aliitisha kikao cha usuluhishi Bilele, akanunua soda, akawahutubia juu ya faida za vyama vingi. Wenzake katika chama chake walimwita wakamhoji. Alilia mbele yao. Wapinzani nao walipokaribia kukubaliana, palizuka jambo: nani atunze betri, au nani atangulie kusaini. Kila mapatano yalipovunjika mimi nilipumua, nikawapikia wanangu ndizi za kibanja kile kile, na Jumapili nikamshukuru Mungu kwa mgawanyiko.

Kisha shemeji akaanza kukonda. Yeye hakuwa na malaria. Mke wake alikuwa ametangulia, na ndugu walikuwa wanamkwepa, hivyo nilimpelekea uji mimi. Nilimchukia na nilimpelekea uji. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila ugomvi. Siku moja alikamata mkono wangu akauliza kama wamekubaliana.

"Bado, shemeji," nilimwambia. "Lakini wanaelekea."

Alifarijika. Tulimzika kwenye kibanja chake mwenyewe, ambacho hakikuwa kidogo wala kibaya, na mpaka leo sijui alikitakia nini changu. Mkuu wa ukoo naye alifariki baadaye, na waliobaki walikuwa na makaburi mengi ya kushughulikia kuliko kigoda kimoja. Wanangu walisoma kwa kahawa ya pale. Chama nacho kiliendelea na viongozi wawili wanaotoleana vitisho, mpaka wanachama wakawa wachache kuliko viongozi.

Mwenye samaki alikufa uzeeni, Muleba, karibu na maji. Nilikwenda kumzika. Mnunuzi wa kahawa alikuwapo, mzee, anatembelea fimbo, koti lile lile limempwaya. Alikuwa analia kama siku ile kwangu. Tulikaa pamoja kwenye benchi baada ya mazishi, nikaona nimchokoze kidogo apate nafuu.

"Haya, umebaki peke yako. Chama kimeungana."

Alicheka, akafuta macho kwa tai.

"Mwalimu," alisema, "mimi sikukaa."

"Sikuelewi."

"Kwenye kile kigoda. Sikukaa. Na marehemu huyu hakukaa. Tulikigusa tu, mguu ukateleza, tukaenda chini wote. Kigoda kile hakijakaliwa na mtu."

Nilimwuliza kwa nini basi miaka yote ile wameapa, mbuzi, vikao, matusi kwenye mikutano.

"Tulipokuwa pale chini watu wametulalia, alininong'oneza. Akasema, sema umekaa wewe, mimi nitasema nimekaa mimi. Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia, tazama mlangoni. Wanao walikuwa wamesimama mlangoni, wanne, wameshikana mikono, wanamtazama baba yao mdogo na ile kanzu."

"Usitusifu sana," aliongeza. "Uongozi niliutaka kweli. Hata sasa nautaka. Ila lile ndilo azimio pekee ambalo mimi na yeye tulilipitisha bila kupingwa, na kila mara tulipokaribia kupatana, mmoja wetu alikumbuka akaleta habari ya betri."

Nilirudi nyumbani jioni. Kigoda kilikuwa juu ya kabati, nilikokiweka siku nyingi ili wajukuu wasikichezee. Kwetu mwanamke hakalii kigoda cha mumewe, nami sikuwahi hata kujaribu. Nilikishusha, nikakifuta vumbi, nikakipeleka mbele ya mlango mahali pale pale. Nikakaa polepole, nikiegemea kushoto.