Kurumbiza wa Bukene

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msifikiri ile picha ya ndege anayeimba ilipatikana kwa akili za babu yenu. Mimi bibi yenu nilikuwepo.

Enzi za Mwingereza babu yenu alikuwa mpiga picha katika duka moja la Ng'ambo, hapo Tabora. Mzungu mmoja akaagiza picha ya kurumbiza akiimba juu ya tawi ambalo ndege amelichagua mwenyewe. Fundi wetu huyo, babu yenu, akamnasa ndege, akamfunga uzi mguuni, akamsimamisha kwenye kijiti kilichochomekwa chunguni. Mzungu akauona uzi pichani. Mwenye duka akasema, "Lete picha ya kweli, au usirudi kazini."

Alfajiri mimi na babu yenu tukapanda treni ya Mwanza mpaka Bukene kwa shangazi yangu, ambako kurumbiza huimba kila siku. Kutoka stesheni tukashika njia ya zamani ya misafara. Wazee wetu waliipita na pembe za ndovu. Mimi nilijitwika sanduku la kamera na miguu yake mitatu. Bwana mkubwa alibeba kofia yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na mkwe kaja! Sanduku lote hilo, mmehama?"

"Tumekuja kumpiga picha ndege."

"Kwani Tabora ndege wamekwisha?"

Asubuhi ya kwanza kurumbiza alitua kwenye tawi kavu la mninga, akaimba. Babu yenu akajifunika kitambaa cheusi, akapiga, ndege naye akageuka papo hapo. Tukapata mkia. Asubuhi ya pili akamwambia ndege, "Tulia hivyo hivyo, usipepese!" kama anavyowaambia maharusi. Ndege hakutaka kuolewa, akaruka. Tulikuja na mabamba matatu tu ya kioo, kila moja picha moja. Likabaki moja.

Asubuhi ya tatu tawi halipo. Shangazi alikuwa amelikata jana yake jioni.

"Mkwe wangu nimpikie kuku kwa mabua?" akashangaa. "Mninga mkavu ndio kuni za mgeni."

Babu yenu akakaa chini, mtu mzima, machozi yanamlengalenga. "Kazi imekwenda, mama Yosefu."

Mara kurumbiza akatua kwenye ua wa minyaa, juu ya mtama ulioanikwa, akafungua mdomo. Shangazi alikuwa akiulinda mtama ule, na kwake ndege ni ndege. Akainua bonge la udongo. Nikamdaka mkono. Mkono wa shangazi yangu aliyenilea!

"Unanishika mimi? Kwa sababu ya ndege?"

"Utanilaumu baadaye, shangazi."

Babu yenu alikwisha kurukia kitambaa chake; kamera ikalia. Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Alinisamehe, baada ya kunitwangisha mtama wote ule.

Tulirudi Tabora, picha ikasafishwa: mdomo wazi, koo limevimba. Mzungu akafurahi, babu yenu akabaki kazini, akawa anawasimulia watu subira yake. Subira!

Nilijifunza kwamba kosa lilikuwa letu. Tulikula kuku tukalamba vidole, na hakuna aliyemwambia mwenyeji kwamba tawi lile ndilo tulilolifuata. Jioni ile ile tuliyorudi Tabora nikawaamuru wa nyumbani kwangu: mgeni akifika, muulizeni amefuata nini kabla hamjashika shoka.