Mjusi wa Zuhura Kwenye Kabati la Chipsi

Kuna harufu moja ikinipata nikiwa nakula, naweka tonge chini. Ni harufu ya trei ya mayai iliyolowa maji halafu ikakaa kwenye joto. Juzi nimekutana nayo hapa Bunda, kwenye duka ninaponunuaga mayai. Mwenye duka alikuwa amerundika trei mbichi juani zikauke. Nikavuta mtandio puani, yeye akanuna akidhani nayasema mayai yake. Ningemwelezaje kwamba pale sikuwa nasikia harufu ya mayai hata kidogo, nilikuwa nasikia harufu ya mjusi?

Niseme mapema tusije tukakosana: mimi mjusi kafiri simpendi. Namsema huyu wa ukutani, mweupe mweupe, ambaye ukimmulika unayaona mayai tumboni mwake. Kope hana, kwa hiyo jicho analisafisha kwa ulimi. Hebu fikiria, ulimi juu ya jicho! Na kinyesi chake, kile cheusi chenye ncha nyeupe, hakikosi pa kuangukia. Nimeshakiokota kwenye chandarua, kwenye sahani, na siku moja kwenye daftari la hesabu, nikachapwa viboko viwili kwa uchafu usio wangu. Mtu akiniambia eti mjusi anasaidia kula mbu, namjibu mbu mwenyewe namweza.

Tulikaa Musoma mjini, kwenye nyumba ya mabati isiyo na silingibodi. Baba alikuwa fundi seremala na karakana yake ilikuwa uani. Mama aliuza vitenge hapa Bunda, anapanda basi alfajiri na kurudi jioni. Mchana tulibaki na Bibi, mama yake Baba, na Bibi alikuwa na vita vyake. Kwao aliambiwa kwamba mjusi kafiri ndiye aliyepuliza moto uliowashwa kumchoma Nabii Ibrahim, na kwamba anayemuua kwa pigo moja anaandikiwa thawabu nyingi kuliko wa mapigo mawili. Basi Bibi alitembea na ndala mkononi. Pa! Halafu "Alhamdulillahi." Mimi ndiye niliyefagia maiti.

Mdogo wangu Zuhura alikuwa na miaka saba, mimi kumi, na sijui damu yake aliitoa wapi, maana yeye aliwapenda. Kwenye yale mawe makubwa nyuma ya nyumba yetu wanakaa mijusi wa aina nyingine, wale wenye vichwa vyekundu na miili ya bluu, wanaoota jua mchana kutwa. Zuhura alimfukuza mmoja mpaka juu ya jiwe, akateleza. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti.

Hospitali wakamfunga POP, ile plasta ngumu nyeupe. Daktari akasema mbele yetu sote: wiki sita, mguu usikanyage chini. Akikanyaga, mfupa utaunga vibaya, na atachechemea maisha yake yote. Bibi alilirudia hilo neno kila asubuhi wakati akimpa uji. Lakini siku ya tatu tu tukamkuta Zuhura ameshateremsha mguu mzima, anajinyoosha amfikie mjusi ukutani. Baba akashika kichwa. Jioni akaja na suluhisho.

"Kama mijusi ndio wanamtoa kitandani," akasema, "tumletee mijusi kitandani."

Karakana kulikuwa na kabati la chipsi, lile la vioo, ambalo kioo kimoja kilipasuka kabla mteja hajalichukua. Baba akaziba ule upande kwa ubao, akatoboa matundu kwa msumari, ndani akaweka trei mbili za mayai wapate pa kujificha, na kizibo cha soda kiwe bakuli la maji. Nyumba ikawa tayari. Wa kuwakamata wapangaji akateuliwa mtu mwenye miguu mizima, yaani mimi.

Jamani. Nilivaa mfuko wa rambo mkononi, nikafumba jicho moja, nikapeleka mkono nyuma ya kalenda. Wa kwanza niliyemshika aliniachia mkia. Mjusi akakimbia, mkia ukabaki kwenye mfuko unacheza wenyewe, na niliusikia kwenye vidole kupitia ile nailoni. Nikatapika chai yote pale mlangoni. Zuhura alicheka mpaka plasta ikagonga ukuta.

Na alikuwa anachagua! Msidhani alipokea chochote. Nilimpelekea mmoja mmoja, yeye anamgeuza kama mtu anayenunua nyanya. Huyu mkia wake umeota upya, rudisha. Huyu ana vidudu vyekundu katikati ya vidole, ni mgonjwa, rudisha. Huyu macho yamezama. Nilirudisha tisa. Mwisho akachukua wawili: mnene mmoja aliyemwita Diwani, kwa sababu alikula na kukaa tu, na mwembamba aliyeitwa Karani. Bibi alikataa kuingia chumba kile. Alisema malaika nao hawaingii.

Kosa lilikuwa letu sote, na ni kosa la watu wa Musoma. Sisi tumekua tukiona mijusi juu ya mawe, jua la saa saba linawaka na wao wanainua vichwa kama wanaombwa picha. Nani angetuambia mjusi hapendi jua? Baba akaliweka kabati dirishani, kioo kikatazama nje, akasema watafurahi. Hakuna aliyekumbuka kwamba mjusi kafiri mchana hujificha kwenye ufa.

Siku ya pili yake nikarudi kutoka shule kula chakula cha mchana, nikamsikia Zuhura akilia. Kabati lilikuwa limechemka. Karani alikuwa chali, mdomo wazi, ameshakufa. Diwani amejibana kwenye kona, ubavu unapanda na kushuka. Harufu ya zile trei zilizolowa maji ya kizibo, na ya mavi yao yaliyookwa, sitaki hata kuielezea. Zuhura alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda, anataka kushuka.

Bibi akatokea mlangoni, ndala mkononi. Nikajua Diwani kwaheri.

"Wewe panda kitandani!" akamfokea Zuhura. Halafu akavaa ile ndala, akalibeba kabati mwenyewe mpaka ukumbini, akaliweka sakafuni nyuma ya pipa la maji, ndipo palipokuwa na ubaridi. Akalifunika kwa kipande cha kanga kilicholowa.

"Bibi, si unawauaga?" nikamuuliza.

"Wa ukutani ni wangu. Huyu mmemfungia wenyewe. Ukishamfungia kiumbe, maji yake yako shingoni kwako. Rehema, wewe ndiye uliyemkamata. Mnyweshe."

Nilimdondoshea Diwani maji puani kwa kijiko. Alitoa ulimi, akalamba maji, akalamba jicho. Nilikula nusu chakula siku ile.

Kuanzia hapo ikawa ratiba. Asubuhi Bibi analipeleka kabati nyuma ya pipa, saa saba mimi nalowesha kanga, jioni Diwani anarudi kando ya kitanda na kulishwa wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa. Zuhura akatulia. Hakushusha mguu tena. Wiki moja, mbili, tatu, nne. Mimi kila saa saba nilishika ile kanga yenye utelezi kwa vidole viwili, huku nimebana pumzi.

Wiki ya tano Bibi alienda msibani Butiama na Baba akatoka kwenda kufunga milango ya mteja. Nikarudi saa saba. Nikafika karibu na pipa, nikainua pembe ya kanga, na Diwani alikuwa amening'inia kwenye kioo, tumbo limenielekea, kinyesi kinamtoka palepale. Nikaachia ile kanga. Nikachukua kiporo changu nikaenda kula nje.

"Dada, umelowesha?" Zuhura aliuliza kutoka chumbani.

"Nimelowesha."

Nikarudi shule.

Nilichosahau ni kwamba mtu aliyelala wiki tano kitandani anajua kila sauti ya nyumba. Alijua mlio wa kata ikigonga pipa, na siku ile kata haikugonga.

Nilimkuta saa kumi, amekaa sakafuni ukumbini, kata mkononi. Kanga ilikuwa imeloweshwa vizuri kuliko nilivyowahi kuilowesha mimi. Plasta nayo ilikuwa imelowa mpaka imelainika, imepasuka kwenye kifundo. Diwani mzima, ameshiba usingizi. Zuhura alinitazama na midomo yake ilikuwa myeupe kwa maumivu.

Baba alipokuja akauliza kwa ukali nani kamshusha. "Nilisikia kiu," Zuhura akasema. "Nikafuata maji ya kunywa." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Baba. Mdomo ninao, na sikuufungua.

Walimfunga upya, lakini mfupa ulikuwa umeshahama. Leo Zuhura ni mama wa watoto watatu na bado anachechemea. Hatua yake naijua hata kwenye umati: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuzwa.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba alidanganya kumwokoa Diwani, maana Baba angemtupa. Mtoto wa miaka saba, nikasema, atawaza nini zaidi ya mjusi wake? Mpaka nilipokuwa na watoto mwenyewe, nikamwona wa kwangu mdogo akikubali fimbo kwa kosa la kaka yake, ndipo nikaelewa Zuhura alimficha nani. Na nikaelewa pia kwa nini chuki yangu kwa mijusi ilizidi kukua wakati wenzangu walishawazoea. Ilikuwa rahisi kumtazama mjusi kwa kinyaa kuliko kutazama mguu ule.

Idi iliyopita Zuhura alikuja kunitembelea hapa Bunda. Tumekaa tunakula, wanangu wakamwona mjusi nyuma ya pazia, wakavua ndala. Bibi angefurahi. Zuhura akaanza kuinuka, ameshika meza, ule mguu unamchelewesha kama kawaida.

"Kaa," nikamwambia. "Nitafanya mimi."

Nikapeleka mkono mtupu nyuma ya pazia. Mfuko sikuvaa. Alikuwa baridi, laini, anapumua kwenye kiganja changu, na kabla sijafika mlangoni akaninyea. Nikamwachia kwenye ufa wa ukuta wa nje, kivulini, nikabaki nimenyoosha mkono mbali na mwili, mate yamenijaa mdomoni.

"Zuhura," nikasema, nikiwa bado nimempa mgongo, "siku ile sikulowesha."

"Najua, dada," akasema. "Njoo unawe, chakula kinapoa."