Nailoni juu ya kioo

Tulikuwa bane mule mu sekretaria ya Kamembe, nyumba ya kuandikisha barua na kutoa kopi. Mimi, mukamwana wangu, yaani muke wa kijana wangu aliyepotelea Congo mu vita, jirani yangu Mwislamu, ndiye mwenye nyumba ile, na kaka yake, fundi wa ordinateri, zile kompyuta. Majina yao yote ninayo, lakini hapa niyaache yalale.

Foto ya kijana wangu ilikuwa moja tu. Tulitaka kopi nyingi, bacuruzi, bale ba biashara, bavuke nazo mupaka mpaka Bukavu, pengine muntu angemutambua.

Fundi akaiweka mu skana. Mwangaza ukapita chini ya kifuniko polepole, kama taa ya bavuvi ba sambaza ndani ya ukungu wa ziwa. Uso ukatoka mu ekrani ya ordinateri, weusi na weupe mutupu, bila macho.

"Maman, foto hii imezeeka," fundi akaniambia.

"Imezeeka kuliko mimi? Mbona mimi unaniona!"

Akacheka. Ordinateri ile ilikuwa ya programu ya Linux, na skana ilikuwa inajianzia kwa michoro ya mistari, si kwa foto. Akachagua rangi ya kijivu, akaongeza ubora. Macho yakarudi. Lakini ukungu ukabaki, na mikunjo kama ya maji.

Akaitoa foto, akaweka karatasi nyeupe. Ukungu ule ule.

"Basi kosa si la foto," akasema, akakwaruza kioo kwa ukucha. "Dada! Nailoni hii ni ya nini?"

"Ya kukinga! Kitu kipya hakivuliwi nailoni," jirani yangu akamujibu.

Kweli, hata viti vya saloni yake, pale anapopokea bageni nyumbani, tulikuwa tunavikalia na nailoni yake, inalia chini yetu.

"Ukitoa, kioo kitazeeka," jirani akamwambia kaka yake.

Mukamwana wangu hakusikia. Alikuwa anapangusa ekrani na ncha ya kitenge chake, polepole, pale penye kidevu cha bwana wake, kama ukungu ule ungepangusika. Jirani yangu akamutazama muda.

"Basi kizeeke," akasema. Akabandua nailoni yeye mwenyewe, taratibu, kama anamuvua mutoto aliyelala.

Mwangaza ukapita tena. Akatoka: macho, cheko, na kakovu ka juu ya nyushi.

"Ni yeye," mukamwana wangu akasema, akakaa chini.

Kopi zikavuka. Habari hazijarudi bado. Foto ile haina rangi, lakini mimi ninasema shati alilovaa lilikuwa la kijani. Kama nimesahau, kama wewe unayesoma ulimuona huko Congo nalo na lilikuwa la buluu, tafadhali unirekebishe.